Lawino na Jiko Lenye Macho Mengi

Leo hatusomi habari za mbolea wala za kuogesha ng'ombe. Leo tunasoma wimbo. Lakini msidhani tumeacha mambo ya kazi na kukimbilia starehe. Ndani ya wimbo huu mna jiko, mna saa ya ukutani, mna jiwe la kusagia, na mna ugomvi wa mume na mke juu ya vitu hivyo hivyo.

Kitabu kinaitwa Wimbo wa Lawino. Mtungaji wake ni Okot p'Bitek, Mwacholi wa kaskazini ya Uganda, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki mwaka 1982. Alikuwa mwalimu, tena mchezaji mpira hodari, na mama yake alikuwa mtunzi wa nyimbo. Wimbo ulitoka Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966, ukatoka kwa Kiacholi mwaka 1969, na mwaka 1975 tukaupata kwa Kiswahili, tafsiri ya Paul Sozigwa. Mkikiona kitabu hicho katika maktaba, msikiogope. Hakina vina wala mizani kama mashairi mliyozoea kuyasoma magazetini. Mistari yake ni mifupi, na mwanamke anaongea moja kwa moja kama mtu mwenye donge kooni.

Mwanamke huyo ndiye Lawino. Hakusoma shule. Mume wake, Ocol, amesoma mpaka Makerere. Sasa Ocol amempata mwanamke mwingine wa kisasa, Clementine, naye mkewe wa kwanza anamwona mshamba. Kila siku ni matusi: Lawino mjinga, mama yake mjinga, ukoo wao wote ni watu wa gizani. Lawino hanyamazi. Anawaita wanaukoo, anawaeleza shauri lake kama mtu aliyesimama barazani mbele ya wazee. Shikeni hilo. Halii peke yake chumbani. Anasema mbele ya watu wanaoishi kama yeye na kupika kama yeye, ambao wakimcheka watakuwa wanajicheka wenyewe. Kwa hiyo Lawino anaposema, mara nyingi tunasikia kijiji kizima.

Haya, tuingie jikoni.

Ocol anamlaumu mkewe kwamba hajui kupika kwa namna ya Wazungu. Lawino anakiri mara moja: ni kweli, hajui. Halafu anayataja majiko moja moja. Lile la mafuta ya taa, la kupiga pampu, linamtisha. Linanguruma kama simba dume, likiziba hajui kulizibua, na amesikia kwamba siku moja lililipuka likamteketeza mbuzi. La mkaa linamchafua mikono na halitaki kushika moto, maana upepo ukihitajiwa eti umekwenda kuwatembelea wakwe. La umeme ndilo linalomshinda kabisa. Lina macho mengi, naye hajui jicho lipi alibonyeze ili sehemu hii ipate moto na ile isipate. Tena moto wenyewe ni wa radi. Watu wamemwambia kwamba Wazungu wamemnasa Jogoo wa Mvua, ambaye Waacholi husema ndiye anayeleta radi, wakamfungia katika nyumba ya chuma.

Hapo msomaji wa mjini hucheka. Ngojeni kidogo. Sisi tunaosema Kiswahili, nguvu ile inayopita katika waya tumeiitaje? Tumeiita umeme. Na umeme ni nini? Ni ule mmweko wa mawinguni kabla ya ngurumo. Wazee waliolianza neno hilo hawakuwa wameona waya hata mmoja. Waya zilipofika, watu walitazama, wakalinganisha na kitu wanachokijua, wakatumia jina lile lile. Wala hawakukosea, kwa sababu wataalamu nao wanatuambia kwamba radi ni umeme. Basi Lawino amefanya kazi tuliyoifanya sisi, ila yeye ameifanya kwa Kiacholi. Mtu anayekutana na kitu kipya hukishika kwa mpini wa kitu cha zamani. Huo si ujinga, ndiyo njia ya kujifunza, na mwalimu yeyote wa kisomo anaijua.

Hata hofu ya jiko la pampu ina sababu. Wengi wenu mmeliona jiko hilo. Ukipiga pampu, upepo unasukuma mafuta yapande katika bomba dogo. Bomba likiwa na moto, mafuta yanageuka mvuke na kutoka katika kitundu chembamba, na mvuke huo ndio unaowaka kwa sauti ile ya simba. Ukiliwasha kabla bomba halijapata moto, mafuta hutoka yakiwa bado majimaji, na ndimi za moto hupanda juu ghafla. Kitundu kikiziba kwa masizi, kinataka sindano ya kuzibulia. Mtu akiendelea kupiga pampu huku kimeziba, anatafuta hatari. Sasa tumeyaeleza haya kwa mistari michache tu, nanyi mmeelewa. Tunauliza: kwa nini Ocol, mtu wa Makerere, hakuweza kumweleza mkewe?

Tutalirudia swali hilo. Kwanza tutazame anachokijua Lawino, kwa maana wasomaji wengi hukiruka. Akishamaliza kuyakataa majiko ya kigeni anaanza kuzungumza juu ya kuni. Anajua mti upi unapasuka kwa shoka bila shida, upi unawaka polepole bila moshi mwingi, upi ni mgumu kama mwamba na haufai kuhangaika nao, na upi una harufu mbaya. Anaitaja kwa majina. Hayo ni maarifa ya kweli. Tukienda nyumba kwa nyumba katika vijiji vyetu, tutawakuta akina mama wenye maarifa hayo, na hakuna cheti walichopewa kwa ajili yake.

Tena anatoa hoja ya kifundi juu ya chungu. Chungu cha kwao kina tako la mviringo. Kimetengenezwa kikae juu ya mafiga matatu, kishikwe imara wakati mwiko unazunguka. Ugali wa ulezi hausongwi kwa mchezo, unataka nguvu ya mabega. Mpishi anakaa chini, anakaza. Jiko la umeme lina bamba bapa. Chungu cha mviringo ukikiweka juu yake kinagusa kidogo tu katikati, na ukianza kusonga kinayumba. Halafu unatakiwa upike umesimama! Lawino anashangaa: nani apikaye amesimama? Angalieni basi. Hapa haogopi kitu. Anasema jiko hili lilitengenezwa kwa sufuria bapa na kwa chakula kingine, halikutengenezwa kwa kazi yake. Fundi yeyote angemsikiliza. Kama tungeletewa trekta lisiloweza kupita katika mashamba yetu ya mteremko, tungesema hivyo hivyo, na tusingependa kuitwa watu wasiotaka maendeleo.

Sasa turudi kwenye swali. Someni sehemu hiyo mara mbili, mkitafuta jambo moja tu: ni wapi Ocol anakaa na Lawino, anamshika mkono, anamwambia, "Hili jicho la kushoto ni la sehemu ya mbele, zungusha hivi"? Sisi hatukupaona. Matusi yamo. Kujisifu kumo. Kununua vitu kumo. Somo halimo. Vitu vimeingia nyumbani, mwalimu wa vitu hajaingia, halafu anayelaumiwa ni yule asiyefundishwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo uchungu wa wimbo huu ulipo, nasi maofisa wa elimu ya watu wazima tunauona kila mwaka. Katika kijiji kimoja tulichowahi kufanyia kazi, kilifungwa kisima cha pampu ya mkono. Siku ya kukifungua palikuwa na ngoma na hotuba. Baada ya muda, ule mpira mdogo unaokaza maji ndani ya pampu ulilika, na mpini ukawa unapanda na kushuka bila kutoa kitu. Mpira wenyewe ulikuwa wa bei ndogo tu. Lakini hakuna aliyefundishwa kuifungua pampu, wala spana haikuachwa. Akina mama wakarudi mtoni. Baadaye walikuja wageni kukagua, nasi tulikuwapo walipoandika kwamba wananchi wa hapo bado wanapenda desturi zao za zamani. Tuliwaomba waliandike na suala la mpira. Hatujui kama waliliandika.

Wale akina mama ndio Lawino. Walichokikataa si maji safi.

Tuendelee na saa. Ocol ana saa kubwa nyumbani, na anaionea fahari. Lawino anaisikia ikigonga, anasikia kengele yake, anakiona kile kipande kinachoning'inia chini kikienda huku na huku. Anakifananisha na tunda la mwegea siku ya upepo mkali. (Anakifananisha na kitu kingine pia, lakini hicho mtakitafuta wenyewe kitabuni, gazeti hili husomwa na watoto.) Anaweza kuisikia na kuicheka, ila kuisoma hawezi. Tarakimu zile kwake ni michoro.

Hapa, ndugu wasomaji, wengi wenu mnajua zaidi kuliko sisi tuliopitia shule tangu utotoni. Mnajua mtu anavyojisikia anapoitwa mkutanoni saa nane kamili, naye hutazama kivuli cha mti. Mnajua kushika karatasi ya dawa iliyoandikwa saa za kumeza, ukaomba mtoto wa jirani akusomee. Mtu akiwa katika hali hiyo, kisha akatukanwa na mtu wa nyumbani mwake, hawezi kuipenda saa. Ataitafutia kasoro, naye Lawino anazipata nyingi.

Anasema Ocol ametawaliwa na saa yake. Kula kwa saa, kulala kwa saa, kuoga kwa saa. Mgeni akija kwa mazungumzo anafukuzwa, eti muda ni fedha. Hata mtoto mchanga anatakiwa anyonye kwa saa. Lawino anajibu kwamba mtoto akilia kwa njaa anapewa ziwa, basi. Jogoo anawika, jua linapanda, jua linakuwa kali, mifugo inarudi, usingizi unakuja: hizo ndizo saa zake, na hazihitaji kutiwa ufunguo.

Juu ya mtoto, Lawino ameshinda kesi. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 vitabu vya malezi vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinafundisha kunyonyesha kwa saa. Leo wauguzi wa kliniki wanawafundisha akina mama kumnyonyesha mtoto kila anapotaka, usiku na mchana. Aliyekuwa wa kisasa amerudi kwenye neno la aliyeitwa mshamba. Lakini juu ya saa yenyewe hatuwezi kumkubalia yote. Dawa ya kumeza kila baada ya saa 8 haitazami jogoo. Basi la alfajiri halisubiri mifugo.

Na hapa tuna mfano mwingine mzuri ndani ya Kiswahili chetu. Mshale mfupi wa saa ukifika kwenye tarakimu 7 asubuhi, tunasemaje? Tunasema saa moja. Mgeni anashangaa, anaona 7 na kusikia moja. Sababu ni kwamba kwetu saa za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo inatufaa. Chombo ni cha kigeni, mishale hatukuigusa, ila tunaisoma kwa kulifuata jua. Hakuna aliyetutukana ili tufanye hivyo, na hakuna aliyetukataza. Lawino na Ocol hawakupata nafasi hiyo nyumbani mwao. Kwao saa ilikuja kama fimbo.

Bado jiwe la kusagia. Sehemu ile ya majiko imepewa jina kutokana na jiwe hilo: jiwe mama lina tumbo lililobonyea. Limebonyea kwa sababu ya kusagwa juu yake miaka na miaka. Lawino analiimba kwa fahari, pamoja na jasho la mwanamke mwenye nguvu anayelielemea. Ni picha nzuri. Hata hivyo sisi tunatofautiana naye hapo. Tumekaa na akina mama wa vijijini siku nyingi, na hatujamwona hata mmoja anayelililia jiwe baada ya mashine ya kusaga kufika karibu. Tumewasikia wakilalamika kwamba mashine iko mbali, foleni ni ndefu, bei imepanda, unga una mchanga. Lakini kuirudia kazi ya kupiga magoti na kusaga mpaka mgongo uume, hapana. Mtu angeweza kumwambia Lawino: mwanangu, lile shimo katika jiwe limechimbwa kwa viuno vya bibi zako.

Je, Okot hakulijua hilo? Sisi tunaamini alijua. Alisoma Uingereza miaka mingi, na wimbo wake umetufikia kwa mashine ya kupiga chapa. Ila alikuwa anamchora mtu aliyetukanwa, na mtu aliyetukanwa hutetea hata kile ambacho angekiacha kwa hiari. Hilo ndilo jambo tunalotaka mlione katika wimbo huu kuliko yote. Mwambie mama, "Jiko lako la uchafu," naye atalisifu mafiga yake mpaka jioni, hata kama jana alikuwa anafuta machozi ya moshi. Mwambie, "Moshi unakuumiza macho, njoo tujaribu hili," naye atavuta kigoda. Kitu kilicholetwa katika nyumba hizo mbili ni kile kile.

Mwaka 1970 Okot alitoa kitabu cha pili, Ocol akijibu. Wapo waliotazamia kwamba msomi atatoa hoja nzito. Badala yake Ocol anaongeza ukali, anataka ya zamani yafagiliwe yote. Hata humo hatumwoni akimfundisha mkewe jambo lolote. Sisi twaona Okot alifanya hivyo kwa makusudi, ingawa wasomaji wengine wanasema alimwonea Ocol, maana wasomi wote si kama yeye. Mnaweza kubishana.

Katika wimbo wa kwanza Lawino anarudia mara kwa mara methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa mboga wa maboga katika mahame. Mnajua mahame: watu wamehama, nyumba zimeanguka, lakini mboga umebaki unatambaa na kuzaa wenyewe. Hauombi mbolea wala palizi, na mpita njia mwenye njaa anachuma. Kuung'oa ni uharibifu tu. Tazameni kwamba methali haisemi watu wasihame. Watu wamekwisha hama, wana nyumba mpya. Inasema juu ya mkono unaong'oa bila sababu. Lawino mwenyewe anasema hawakatazi Wazungu desturi zao. Anachoomba ni kwamba Ocol asizidharau za kwao.

Sasa kazi ya wiki hii. Kaeni katika vikundi vyenu, wanaume na wanawake pamoja. Mmoja asome sehemu ya jiko kwa sauti, na mwingine asome sehemu ya saa. Wasiokuwa na kitabu watumie somo hili. Kisha mjadili: ni chombo gani kipya kilichokuja kijijini kwenu kikatumika, na kipi kilikuja kikalala? Kilicholala, nani alikuja kukifundisha, na alikaa siku ngapi? Je, kuna mtu aliyeulizwa kabla hakijaletwa? Msijibu kwa haraka kwamba kiliharibika. Tafuteni ni sehemu gani iliyoharibika na inauzwa wapi.

Halafu kila mmoja achukue karatasi, aandike majina ya miti ya kuni inayopatikana kwenu, na mbele ya kila jina aandike tabia yake: unapasuka vizuri au vibaya, una moshi au hauna, unafaa kwa maharage au kwa kuchemsha chai tu. Andikeni kwa majina ya kwenu kama ya Kiswahili hamyajui. Wale wenye jiko jipya la aina yoyote, la mkaa, la gesi au la umeme, waandike hatua kwa hatua jinsi ya kuliwasha na kulizima kwa usalama, kana kwamba wanamwandikia Lawino. Maneno yawe mafupi, jicho lipi na linafanya kazi gani. Mkimaliza, msomeeni mama mzee yeyote wa jirani karatasi zote mbili. Ya kuni atawasahihisha. Ya jiko, mwacheni aulize mpaka atosheke, na kila swali mtakaloshindwa kulijibu mliandike chini, mlilete darasani.